Jina Kabla ya Mpira

Mchana Ademar Larrosa alipima unga kiwandani. Jioni za Jumanne na Alhamisi alipima pasi nyuma ya kiwanda hichohicho. Kazi ya kwanza alilipwa. Ya pili aliifanya bure kwa miaka kumi na saba bila kukosa hata siku moja, isipokuwa ile Jumanne aliyomzika mama yake, na hata siku hiyo alimwachia kipa maagizo.

Timu yake, Molinero, haikuwa na mchezaji aliyeweza kukimbia mita mia bila kusimama ashike kiuno. Walikuwa wachinjaji, vinyozi na wapakia magunia, na kipa wao Wáshington alichimba makaburi. Lakini kutoa pasi walijua. Timu za miji ya jirani zilikuja na vijana wenye mbio na chenga, zikaukimbiza mpira dakika tisini kama mtu anayekimbiza kuku wa kuazima, zikarudi kwao zimechoka. Wakati mwingine zilirudi zimeshinda, lakini zimechoka.

Ademar hakutaka chenga. Katika nchi ambayo kila mtoto huzaliwa akiamini atawapita watu watano peke yake, huo ulikuwa msimamo wa kumwekea mtu maadui. "Ukimpiga mtu chenga umempita mmoja," alikuwa akisema. "Ukitoa pasi umewapita wote waliosimama katikati. Piga hesabu mwenyewe."

Mazoezi yalianzia ukutani. Kila mchezaji alikuwa na tofali lake kwenye ukuta wa ghala, amelipaka chokaa, na hilo alilipiga pasi mia kwa mguu wa kulia na mia kwa wa kushoto, kwa ubavu wa ndani wa mguu, kifundo kimekazwa, mguu wa kusimamia umeelekea kule mpira unakokwenda. Mgeni akiuliza waume wa mtaa ule wako wapi, wake zao walimjibu kwamba wanapiga ukuta, na hawakuona haja ya kuongeza neno.

Baada ya ukuta lilikuja duara. Watu kumi wanasimama kuzunguka na wawili wanaingia katikati kunyang'anya mpira. Hao wawili huitwa vichaa. Nchi nzima inawaita hivyo na hakuna anayekasirika. Duara la Ademar lilikuwa na sheria tatu. Miguso miwili, basi. Mpira uende kwa aliye huru, si kwa rafiki yako. Na kabla mpira haujaondoka mguuni, mtoaji amtaje jina anayempa. Mmoja akivunja sheria, wote wanakimbia hadi kwenye mnara wa kuhifadhia ngano na kurudi. Ademar mwenyewe alisimama duarani kama mmoja wao, na alipokosea, mara moja hivi kwa mwaka, alikimbia mbele ya wote.

Sheria hizo zilikuwa na chimbuko, na mji mzima ulilijua. Mwaka 1967, fainali ya wilaya, dakika ya themanini na nane, bila bila, Dardo Larrosa aliingia na mpira upande wa kulia. Kushoto kwake, mbele ya lango, kipa akiwa ameshatoka, kaka yake, Ademar, alikuwa amesimama peke yake kabisa. Dardo akapiga shuti mwenyewe. Mpira ukapita juu ya mwamba, ukapita juu ya uzio, ukaangukia shamba la viazi vitamu. Dakika mbili baadaye Molinero wakafungwa. Tangu siku hiyo Ademar hakusema na mdogo wake wala hakulitamka jina lake. Alipokuwa hana budi, alisema "yule bwana".

Nyumba zao zilitenganishwa na mitaa saba. Habari za lazima zilipelekwa na Nilda, mke wa Ademar, karani wa zahanati, mtu asiyepoteza maneno. Mama yao alipofariki, Nilda alipeleka ujumbe kwamba yule bwana ashike jeneza mbele, kushoto. Ndugu wawili wakalibeba sambamba, hatua kwa hatua, bila kusemezana, na Wáshington, ambaye ameona majeneza mengi, alisema hajawahi kuona lililokwenda sawasawa namna ile. Hakuna aliyejaribu kuwapatanisha. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, na mji ule ulilima miaka kumi na tisa.

Basi Jumanne moja ya Juni 1986, baridi imeshakaza, Dardo alitokea uwanjani na njumu zake ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa na miaka arobaini na minane na tumbo la mtu aliyekaa sana kwenye mashua za kubebea mchanga. Alivaa njumu, akaenda kusimama duarani, kati ya Wáshington na Heber mchinjaji.

Wote walimtazama Ademar. Ademar alikuwa anatazama mawingu.

"Mwalimu," alisema Heber, "tumezidi mmoja."

"Naona."

"Abaki?"

"Uwanja ni wa klabu na yule bwana ni mwanachama. Chezeni."

Mpira ukazunguka. Dardo alipokea polepole, kwa tahadhari, lakini alipokea vizuri. Zamu yake ilipofika alisema, "Ademar," kwa sauti ya kawaida tu, kama vile walikuwa pamoja jana, akatoa pasi. Ademar akautuliza mpira kwa sababu mpira haukuwa na kosa, kisha akampa mwingine. Jioni ile alimpa kila mtu aliyekuwapo isipokuwa mmoja.

Wiki ya kwanza jambo hilo halikumsumbua mtu. Wiki ya pili Heber aliingia katikati kuwa kichaa. Heber alikuwa mchinjaji, mtu wa kuona kiungo kilipo kabla ya kuweka kisu, na haikumchukua muda kugundua kwamba Ademar akiwa na mpira, Dardo hana haja ya kulindwa. Akamnong'oneza kichaa mwenzake. Wakawaziba wengine wote, wakamwacha Dardo. Ademar alitazama kulia, akatazama kushoto. Mbele yake alisimama mtu mmoja tu aliye huru, mikono kiunoni, anasubiri. Ademar akagusa mara moja. Akagusa mara ya pili. Akagusa mara ya tatu.

"Tatu," alisema Wáshington kwa huzuni, maana hakupenda kukimbia.

Wakakimbia hadi kwenye mnara wa ngano na kurudi. Jioni hiyo walikimbia mara tisa, na Alhamisi mara kumi na moja. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na hii ilimkata mwenye kuitunga kwanza, kisha ikawakata watu wasiohusika. Mwezi ulipokwisha, mashati yalianza kuwapwaya.

"Mwalimu," alisema Wáshington Jumanne moja, ameinama anatafuta pumzi, "mimi kesho nina maiti wawili. Nikichimba kwa miguu hii, nitawazika wamekaa."

"Badilisha sheria," alisema Heber.

"Sheria haina ubaya."

"Basi litaje jina, bwana. Ni jina dogo. Hata mbwa wangu ana jina refu kuliko hilo."

"Wewe ndiye unayemwacha wazi."

"Mimi ni kichaa, mwalimu. Kazi yangu ni kunyang'anya. Wewe ndiye uliyenifundisha kutazama pasi ambayo mtu hawezi kuitoa."

Ni kweli Ademar alimfundisha. "Twendeni," akasema, akatangulia. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja na goti la kulia lilikuwa limevimba kama boga. Dardo alikimbia mwisho kabisa, ameshika bega la aliye mbele yake, na Ademar, ambaye alikuwa mbele, hakuliona hilo.

Siku iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana, Nilda aliweka bakuli la supu mezani, akakaa.

"Yule bwana wako alikuja zahanati," alisema.

"Anaumwa?"

Nilda alimtazama. Hilo lilikuwa swali la kwanza kumhusu mdogo wake kwa miaka kumi na tisa.

"Macho. Pembeni haoni tena. Anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Daktari anasema na hilo bomba litaziba. Kwenye mashua wameshamtoa."

"Na huko uwanjani anafuata nini?"

"Nilimwuliza. Anasema kwingine kote mpira unamgonga kabla hajauona. Kwenu mtu anaitwa jina kwanza." Akampa mkate. "Anataka acheze mpaka Septemba, kama macho yatafika Septemba. Kula, inapoa."

Ademar hakula. Aliona uchungu mkubwa, uchungu wa kweli, akamwona Dardo ana miaka sita anamfuata nyuma kila aendako. Kisha wazo likamjia, na wazo lilikuwa tamu kiasi kwamba alisimama. Ugonjwa wa namna ile hauanzi kwa siku moja. Ungeweza kuanza zamani, mwenyewe hajui. Na siku ile ya fainali yeye Ademar alikuwa wapi? Kushoto. Pembeni kabisa. Hakuonekana. Kama hakuonekana, hakuna kosa, na kama hakuna kosa, hakuna kesi. Lazima isemwe wazi kwamba alifurahi. Alifurahi kwamba mdogo wake anapofuka, akaona haya, kisha akafurahi tena. Nilda akaichukua supu, akaipasha moto.

Alhamisi kulikuwa na manyunyu. Walipiga ukuta, wakazungusha kibuyu cha ile chai chungu ya majani iitwayo mate, kila mtu akanyonya fundo lake la moto, wakaingia duarani. Haikuchukua muda. Mpira ukamfikia Ademar, vichaa wakawaziba wote, Dardo akabaki wazi. Wáshington alikuwa ameshageukia mnara wa ngano ili apunguze safari.

"Dardo," alisema Ademar.

Pasi ikatoka, kavu, chini kwa chini, ikatua kwenye ubavu wa mguu wa Dardo. Hakuna aliyeifuata. Heber alisimama na mguu mmoja hewani. Dardo akaukanyaga mpira, akautuliza, asiutoe, na hakuna aliyekumbuka kuhesabu miguso.

"Nilda kaniambia habari za macho," alisema Ademar kutoka upande wa pili wa duara.

"Kumbe Nilda siku hizi anaongea."

"Nimelifikiria jambo lile. Ugonjwa kama huu haukuanza leo. Siku ile ya sitini na saba huenda ulikuwa umeshakuingia, hujui. Mimi nilikuwa pembeni. Hukuniona. Basi, yameisha."

Wanaume kumi na mmoja walitazama njumu zao. Heber alisema baadaye kwamba alikuwa anamwomba Mungu, jambo asilolizoea, Dardo aseme ndiyo. Lilikuwa neno moja tu, tena la bure, na wote wangekwenda nyumbani mapema.

"Nilikuona," alisema Dardo.

Manyunyu yalikuwa yanaendelea.

"Sitini na saba nilikuwa naona sindano kwenye majani, Ademar. Nilikuona vizuri. Umeinua mkono, soksi moja imekushuka. Nilitaka nifunge mimi. Kila mwaka mji huu ulikuwa Ademar, Ademar, Ademar. Nikasema leo waseme Dardo."

Ademar akazitazama soksi zake.

"Miaka kumi na tisa nasubiri uniulize," alisema Dardo. "Ungeniuliza ningekwambia. Nilikuja huku nikijua hapa majina yanaitwa. Lakini kama umeniita kwa sababu ya macho, kaka, usiniite. Pasi za sadaka sizitaki." Akaondoa mguu juu ya mpira. "Ademar," akasema, akaurudisha.

Mpira ukaja, Ademar akautuliza. Hasira ilimpanda mbichi kabisa, kama vile mpira ule wa sitini na saba ulikuwa bado haujatua shambani. Alikuwa ameletewa kisingizio mezani pamoja na supu, akakipenda, na sasa amenyang'anywa. Lililobaki ni lile alilolijua tangu mwanzo: kwamba alionekana, na hakupewa.

Vichaa walikuwa wamesimama tu. Kisha, kwa kuwa mazoea yana taabu, Heber akasogea kumziba aliye kulia na mwenzake akamziba aliye kushoto. Dardo akabaki peke yake ng'ambo ya duara, uso mbele, masikio yamesimama.

"Dardo," alisema Ademar.

Ilikuwa pasi mbaya kuliko zote alizowahi kutoa uwanjani pale. Kifundo kililegea, mguu wa kusimamia ukaelekea kwingine, na machozi yalikuwa yamemjaa machoni hata lengo hakuliona. Mpira ulijikokota, ukapinda, ukampita Dardo ubavuni, upande ambao haukuwa na mwanga tena. Dardo alikuwa ameweka mguu tayari mahali ambapo mpira haukuja. Aliendelea kungoja.

"Umekupita," alisema Ademar. "Kushoto kwako, Dardo. Nyuma kidogo. Bado. Kidogo tena. Hapo."

Dardo akageuka, akapapasa kwa mguu kwenye majani yaliyolowa, akaupata.