Kiulizo Kinatamkwa

Siku yangu ya kwanza kazini, kituo cha afya cha Ivuna, mganga mfawidhi hakunionyesha dawa wala mgonjwa. Alinikalisha mbele ya simu ya upepo, ile redio ya kuitana na hospitali ya Tunduma, akaniambia, "Binti, hapa alama zinatamkwa. Sentensi ikiisha unasema nukta. Ukiuliza unasema kiulizo. Ujumbe usio na alama haujafika."

Nikajisemea, huyu mzee ana makuu. Shuleni kiulizo kilikuwa kialama cha mwisho wa swali, basi. Hewani ndipo nilipomwelewa. Kiswahili chetu hakibadilishi maneno mtu anapouliza: "amekula" ni habari, "amekula?" ni swali, na mdomoni kinachotenganisha ni sauti tu. Sasa sauti hiyo ipite kwenye mikwaruzo ya redio, tena iwe ya mwenzangu wa Tunduma, Simbeye, Mnamwanga ambaye hata akiuliza haipandishi!

Masika moja tulimpakia mama mjamzito kwenye lori la chumvi akapasuliwe Tunduma, maana uchungu ulikuwa umemshinda. Mumewe, Masanja, mfugaji, alibaki na watoto. Jioni alikuwa amesimama dirishani kwangu redio ilipokoroma: "Gari la mgonjwa limefika." Kisha mikwaruzo mitupu.

Masanja aliruka, akacheka, akanishika mikono yote miwili. "Asante dada! Ngoja nikawaambie watoto."

"Subiri kidogo, kaka. Hajamaliza." Nikabonyeza kitufe. "Tunduma, malizia ujumbe wako. Ni nukta au nini? Ova."

"Limefika, kiulizo," Simbeye akajibu. "Tunalingoja tangu mchana. Ova."

Masanja alikaa chini palepale. Mganga mfawidhi alikuwa ameshasikia. "Masanja, unao maksai? Lete na minyororo. Tunafuata njia ya lori."

Walilikuta limezama bondeni, mama yu hai. Maksai walilitoa, likaendelea na safari. Alijifungulia Tunduma, kwa kisu, mtoto wa kike.

Sasa nimestaafu, nakaa Chapwa. Wajukuu wananiandikia kwenye simu: "Bibi umekula". Nawapigia palepale: mnaniuliza au mnanitangazia? Wanacheka, wanasema Bibi ana ugomvi na simu za watu. Sawa. Wao hawakumwona Masanja akicheka kwa furaha, wakati mkewe amelala juu ya magunia ya chumvi katikati ya tope, hakuna anayemtafuta.