Vichwa vya Samaki vya Mama Amisa

Mama Amisa alikula vichwa vya samaki miaka mingi hapa Kasulo, mtaa wa Kolwezi, bila kulalamika, na kila kichwa kilimkaa kooni kama kufuli.

Msicheke, kwanza mjue alikotoka. Alikuwa mpishi wa bwato, ndivyo watu wa mto Lualaba wanavyoita chombo cha majini. Bwato ya mumewe ilibeba mihogo na abiria kutoka Bukama kuelekea Kongolo, naye alipika humo humo, jiko lake la makaa, mbabula, likiwa juu ya mchanga ili moto usile mbao. Chakula cha bwato kina lugha yake. Bukari, yaani ugali, ikiisha, husemi imeisha. Unasema chungu kimetia nanga, kwa maana mto ukisikia watu wana njaa, nao unataka kula. Na mlo wa mwisho kabla ya safari una ugawaji wake: anayeondoka anapewa mkia wa samaki, kwa sababu mkia ndio unaosukuma, anayebaki nchi kavu anapewa kichwa.

Mumewe alipofia majini, mtoto wao Kasimu, mwenye lori, alimleta Kolwezi. Nyumba ya bati jipya, ukuta mrefu, lango la chuma, ufunguo mfukoni mwa Kasimu. Nje watu walikuwa wakichimba kobalti hadi chini ya vitanda vyao, naye aliogopa mama asitumbukie shimoni. Basi mama akawa anazunguka ua: jikoni hadi ukutani, ukutani hadi jikoni.

Kule Bukama dada yake Mwamini alikuwa amelala mgonjwa, hawezi kuinuka. Amisa alitaka wakutane wangali wote hai. Lakini kila alipokusanya maneno ya kuomba ruhusa, mkwe wake Leila, binti wa mji wa Kisenge, alipiga goti na sahani mkononi: "Mama, kichwa ni chako."

Amisa alisikia: baki. Alidhani Kasimu amemtuma mkewe amjibu kabla hajauliza. Akala, akanyamaza.

Jioni moja, Kasimu na watoto wake wakila pamoja nao, ikaja tomsoni, samaki wa barafu wa frigo asiyeujua hata mto. Amisa akaisukuma sahani.

"Mama, chumvi imezidi?"

"Chumvi iko bien. Nimechoka kufungwa."

"Nani anakufunga, mama?"

"Ni weye, na hivi vichwa vyako."

Akamweleza habari ya mkia na kichwa. Leila akashika mdomo. "Mama yangu! Kwetu kichwa ni cha mkubwa. Ningekupa mukia, majirani bangesema Leila anachukia mama ya bwana yake!"

Wakacheka wote wawili, hadi Amisa akajifuta macho kwa kitenge. Kasimu hakucheka. Alikuwa anatazama sahani yake, na mama akamwona. Huyu alikulia ndani ya bwato.

"Kasimu, ulijua."

"Nilijua, mama."

"Na ukanyamaza?"

"Kila ukikula kichwa, mi nasema: bon, leo hataomba kwenda." Akaisogeza sahani kando, akamtaja baba yake. "Tata alikula mukia siku ile. Bwato ikarudi bila yeye."

Watoto wakaacha kulamba vidole.

"Tata yako alikufa akienda," mama akasema taratibu. "Mi unataka nife nikizunguka mbabula?"

Leila akanyoosha mkono kwa mumewe. "Leta ufunguo. Mi nitamupeleka mama."

"Na batoto?"

"Batoto ni bako pia. Ao bukari unajua tu kuikula?"

"Treni ya Bukama haina siku, Leila."

"Basi tutaingojea kwenye gare. Kungoja kule ni kungoja njiani."

Kasimu akautoa ufunguo. Hakumpa mtu, wala hakuurudisha mfukoni. Aliushika tu kiganjani kama kaa la moto ambalo hajui pa kulitupa. Mama Amisa hakumngoja aamue. Alikuwa ameshasimama, anapapasa chini ya benchi akitafuta viatu vyake.