Kotile ya Herufi Saba

Wakati huo nilikuwa karani katika shirika dogo la kupeleka maji kwa malori, hapa Garissa mjini. Kiangazi kikikaza vijiji hutupigia simu, nasi hupanga lori lipi liende wapi. Meneja wetu, mama wa Wajir asiye na maneno mengi, alichoka na kupanga huko kwa kubahatisha. Akataka programu: uandike jina la kijiji, ikuonyeshe lori lake. Akatupeleka mafunzoni watu wawili, mimi na mwanamume mmoja wa Rhamu aliyekuwa ndiyo kwanza ameajiriwa.

Mwalimu alituchagulia lugha kali ya kuandikia programu. Ndani yake nambari ni nambari na maandishi ni maandishi. Ukijaribu kujumlisha tano uliyoiandika kama neno na tano ya hesabu, inakugomea hata kabla programu haijaanza. Wiki za kwanza niliiona kama askari wa kizuizi pale darajani Tana, yule ambaye kitambulisho chako anacho mkononi na bado anakuuliza wewe ni nani. Niliichukia, kisha nikaiamini. Kitu kinachomshuku kila mtu namna hii, nilijiambia, hakiwezi kuacha kosa lipite.

Tukagawana kazi. Mwenzangu aliandika majina ya vijiji kwenye faili, mstari mmoja, koma katikati: Dadaab, Modogashe, Balambala, Kotile. Mimi niliandika sehemu ya kuusoma ule mstari, kuukata kwenye koma, na kulinganisha kila jina na lile ambalo mtu ameandika kwenye kisanduku cha skrini. Lugha ilikagua kila kitu, ikanyamaza. Hakuna kosa.

Meneja akaja kuona. Nikaandika Dadaab, lori likatokea. Modogashe, likatokea. Balambala pia. Nikaandika Kotile.

"Eneo halipo," ikasema skrini.

Nikaandika tena, polepole, herufi moja moja. Eneo halipo.

Kotile ni kwa kina mama yangu. Abti, yaani mjomba wangu, anafuga huko, na asubuhi ileile alikuwa amenipigia kuuliza maji. Alipopiga tena mchana nikamwambia asubiri kidogo, kompyuta ina shida na jina la Kotile.

"Jina letu beke yake?" akauliza kwa lafudhi yake ya Kisomali.

"Ndiyo, Abti."

"Basi hiyo si kombyuta. Hiyo ni mtu. Angalia nani ameandika."

Nikaangalia. Nilifungua faili ya mwenzangu nikaikodolea macho. Kotile ilikuwa imeandikwa vizuri kabisa, na hilo ndilo lililozidi kunitia shaka. Kama angekosea tahajia ningesema ni kuteleza. Lakini jina zima, safi, halafu programu haioni? Niliwaza labda amepachika herufi inayofanana na nyingine, kitu ambacho jicho halikioni. Alikuwa mgeni kwetu, hana jamaa upande wa Ijara, iliko Kotile. Kwa nini iwe Kotile na si Modogashe?

Siku iliyofuata nilimsikia kwenye korido akiongea kwa simu. Alitaja Kotile mara mbili, akacheka. Aliponiona akageuka upande wa ukuta na kushusha sauti. Nilirudi mezani nimekaza taya. Kuanzia hapo kila alipoinuka kwenda kuswali au kunywa chai nilifungua faili yake kuona kama imebadilika. Haikubadilika. Nayo sikuiamini.

Mwishowe nikashindwa kuvumilia. Nikasogeza kiti changu karibu na chake.

"Futa Kotile," nikamwambia. "Uiandike upya, mimi nikiangalia."

Akanitazama. "Walaal, ndugu yangu, unafikiri nimefanya nini?"

"Andika tu."

Akaifuta pamoja na koma yake. Kwa hasira akaruka mpaka mwanzo wa mstari, akaiandika pale, mbele ya Dadaab. Tukaendesha programu. Nikaandika Kotile kwenye kisanduku. Lori likatokea.

"Umeona?" nikasema. "Leo umeandika sawasawa."

Alivuta kibodi kwake akaandika Dadaab, ikapatikana. Modogashe, ikapatikana. Balambala.

Eneo halipo.

Akaegemea nyuma. "Na watu wa Balambala," akasema, "nimewachukia lini? Tangu asubuhi?"

Nilihisi uso ukiniwaka moto. Lakini tayari alikuwa ameinama tena kwenye skrini, na mimi vilevile, kwa sababu sote wawili tulikuwa tumeliona jambo moja: aliyekaa mwisho wa mstari ndiye anayepotea.

Tukarudisha Kotile mwisho. Nikaongeza amri ndogo ya kuiuliza programu jina hilo lina herufi ngapi. Sita, nilikuwa nimeshahesabu kwa vidole. Ikajibu saba.

"Chapisha jina ndani ya alama za kunukuu," akasema.

Nikachapisha. Alama ya kufungua ikatokea, kisha Kotile, na alama ya kufunga ikaanguka peke yake kwenye mstari wa chini. Hiyo ndiyo iliyokuwa herufi ya saba: alama ya kuanza mstari mpya, ile inayoingia ukibonyeza kitufe cha Enter. Ilikaa mwishoni mwa faili bila kuonekana, na sehemu yangu ya kusoma iliibeba pamoja na jina la mwisho. Lugha haikuwa na ubishi nayo. Kotile ni maandishi, na Kotile yenye mkia ni maandishi pia. Aina ni ileile, kwa hiyo ilipita. Nikaongeza amri ya kupunguza nafasi na mistari kwenye ncha za kila jina, na vijiji vyote vinne vikaonekana.

"Ile simu," nikasema. "Ya korido."

"Binamu yangu anaendesha lori. Nilimuuliza kama watu wa huko wanaandika Kotile namna nyingine. Akanicheka, akasema Rhamu hatujui kusoma." Akatabasamu kidogo. "Nilishusha sauti kwa sababu nilijua unanisikiliza."

Lori lilifika Kotile wiki hiyo. Abti alinipigia akiwa karibu na tangi, maji yakimiminika nyuma ya sauti yake, akaniuliza yule mtu amefukuzwa kazi au bado. Nilimweleza habari ya alama isiyoonekana. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema alhamdulillah, lakini nisiache kumchunga.

Baadaye meneja alifungua faili mwenyewe. Katika majaribio yetu ya mwisho tulikuwa tumeirudisha Kotile mwanzoni mwa mstari, ikabaki hapo. Akanitazama juu ya miwani.

"Kotile imekuwaje ya kwanza? Si ndiko kwa mjomba wako?"

Mwenzangu akajibu kabla yangu, bila kuinua macho.

"Mimi ndiye niliyeiweka hapo, Mama. Nitapanga kwa alfabeti."

Akapanga. Balambala ikawa ya kwanza, na meneja akaondoka.