Nilivyokwenda Ujiji Kuwaomba Radhi Dagaa

Nilisafiri kwenda Ujiji kwa sababu ya mdomo wangu. Ofisini kwetu Dar es Salaam alikuja mtaalamu wa lishe akatufundisha kwamba mtu wa mjini anapaswa kula chakula cha karibu, cha msimu, kisichochosha ardhi wala maji. Nilirudi nyumbani Tabata nimeiva. Nikatangaza mezani, binti yetu Salma akisikiliza, kwamba kuanzia siku ile hakitapikwa chochote kilichosafiri. Mke wangu Zuhura akauliza taratibu, "Na dagaa wa mama?" Mama yake, Bi Mwamini, hututumia ndoo ya dagaa wakavu kutoka Ujiji kila mwezi tangu tuoane. Nikasema sheria ni sheria, na ndoo iliyokuwa imefika wiki ile nikairudisha kwa basi.

Bi Mwamini alipoipokea ndoo yake ikiwa imejaa vilevile, aliacha kupokea simu zangu, kisha za mwanawe pia. Wiki tatu Zuhura alipiga, ikaita mpaka ikakatika. Jioni moja nikamkuta jikoni analia kimyakimya, nikaona aibu ambayo sijaiona tangu nikiwa shule. "Nenda mwenyewe," akaniambia. "Usirudi mpaka mama aseme na wewe."

Jumanne nilipanda treni ya reli ya kati. Kwa kuwa bado nilikuwa mkaidi, niliamua kula njiani kile tu kinachotoka palepale treni iliposimama. Dodoma nikala karanga. Nikala nyingi mno, maana stesheni iliyofuata haikuwa na kitu nilichoweza kukithibitisha. Abiria mwenzangu alinipa chapati nikamuuliza ngano ilitoka wapi. Akairudisha kwenye mfuko wake na hatukuongea tena mpaka Tabora, ambako nilikula asali, asali tupu, kwa kijiko.

Uvinza tulifika siku ya pili baada ya adhuhuri. Uvinza ni kwenye chumvi. Nilinunua pakiti, nikakaa dirishani nikalamba kidogo kwa ajili ya msimamo wangu. Mtoto wa kiti cha mbele alinitazama, kisha akamwambia mama yake kuna ng'ombe ndani ya behewa.

Kigoma tuliingia jioni. Shemeji yangu Hamisi, kaka yake Zuhura, fundi cherehani wa Mwanga hapohapo mjini, alinipokea akanipeleka kwake. Kwa desturi yao mkwe halali nyumba moja na mama mkwe, na kwa hali ilivyokuwa nilishukuru desturi hiyo.

Asubuhi tukaenda Ujiji. Bi Mwamini alikuwa amekaa barazani anachambua maharage, kanga mbili, miwani puani. Nikachutama.

"Shikamoo, mama."

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Hamisi, mwambie mgeni marahaba."

Hamisi alinigeukia. Tulikuwa bega kwa bega. "Marahaba," akanifikishia.

Mchana lililetwa sinia la pilau ya kuku, harufu yake ikajaa uani. Wajukuu wakanawa, Hamisi akanawa, nami nikanawa. Mbele yangu ikawekwa sahani ya peke yangu, muhogo wa kuchemsha na kisamvu.

"Hamisi, mwambie mgeni muhogo huo umeng'olewa hapo nyuma ya choo. Hakuna cha karibu zaidi."

Nikala. Jioni wenzangu walikunywa chai ya tangawizi na maandazi. Mimi nikaletewa kikombe cha maji ya moto. "Mwambie mgeni majani ya chai yanatoka mbali na sukari inatoka mbali. Maji ni ya hapa." Nilikunywa nikasema asante. Ilibidi Hamisi aifikishe na hiyo asante.

Siku ya tatu ya muhogo nikapata wazo nililoliona la akili sana. Nitanunua dagaa wabichi wa leo hii, nimletee Bi Mwamini kwa mikono yangu. Chakula cha karibu, cha msimu, na heshima juu yake. Nikamburuta Hamisi mpaka Katonga, kwenye mwalo wanakoshukia samaki.

Katonga palikuwa pamelala. Mitumbwi imevutwa mchangani, taa za kuvulia zimepangwa pembeni, wanaume wanashona nyavu na kubishana mpira. Nikamwendea mmoja, mtu mzima mwenye kofia ya sufu.

"Mwakeye," nikamsalimu kwa Kiha alichonifundisha Hamisi njiani. "Natafuta dagaa wabichi wa leo."

Aliniangalia, akamwangalia Hamisi. "Huyu umemtoa wapi?"

"Dar. Kaoa kwetu."

"Pole," akasema, sikujua anampa nani. Kisha akanielekeza kwa upole kama mtu anayefundisha mtoto kufunga kiatu. "Dagaa tunawaita kwa taa, mzee. Wiki hii mwezi mkubwa, ziwa lote linang'aa, watakuja kwenye taa yangu kufanya nini? Tunangoja giza lirudi."

"Sasa siku hizi za mbalamwezi mnakula nini?"

"Wale tuliowaanika wakati wa giza. Unadhani tunaanika mapambo?"

Wote wakacheka, na Hamisi akacheka kuliko wote. Nilisimama pale na mfuko wangu mtupu. Dagaa wakavu niliowafukuza nyumbani kwangu ndio waliokuwa chakula cha msimu. Watu hawa walikuwa na utaratibu huu kabla mtaalamu wetu hajazaliwa, na ziwa linapumzika kila mwezi bila semina. Na mwanamke niliyemrudishia ndoo alikuwa akimlisha mwanawe siku za mbalamwezi, huko mbali aliko, kama alivyomlisha utotoni.

Wakati wa kurudi nikamuuliza Hamisi ule mchele wa pilau unatoka wapi.

"Bonde la Luiche. Hapo nyuma, kwa mguu unafika."

"Mbona mimi nilinyimwa?"

"Hukuuliza. Mama alisema mtu wa sheria huuliza."

Likizo yangu ilikuwa inakwisha. Nikapiga simu ofisini nikaongeza siku, nikasubiri giza pamoja na wavuvi. Asubuhi mitumbwi ya kwanza iliporudi nilikuwa Katonga kabla ya wachuuzi. Nilibeba dagaa mpaka Ujiji, maji ya samaki yakinitiririka mgongoni, nikamwambia Hamisi amwambie mama yake kwamba siwataki wabichi. Naomba niwaanike.

Bi Mwamini akanyoosha kidole kwenye chanja la uani.

Sikujua kwamba kuanika dagaa ni vita. Nilitandaza wengi mahali pamoja, nikaambiwa kupitia Hamisi nitawaozesha. Nikawatawanya upya. Kisha wakaja kunguru, wakaja bata wa jirani, akaja paka mmoja mwenye subira kubwa. Saa nzima nilikimbia kulizunguka chanja na ufagio, shati limetoka, kiatu kimoja sijui kilikoenda. Hamisi alikuwa ameingia msikitini kwa adhuhuri. Nikawa nimewageuzia mgongo kunguru ili nimtishe paka.

"Baba Salma, nyuma yako!"

Niligeuka, nikampiga kunguru ufagio wa hewani, nikaanguka juu ya bata. Nilipoinuka ndipo nilipotambua ni nani aliyeniita. Hamisi hakuwapo. Bi Mwamini alikuwa amesimama barazani, kanga mdomoni, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Akatoa simu, akapiga.

"Zuhura, mwanangu," akasema. "Tulia, usilie. Mumeo anapigana na bata."

Niliketi palepale mchangani, macho yakanijaa machozi, nikasingizia jua.

Nilirudi Dar kwa treni ileile, ndoo kati ya miguu yangu, nikala kila nilichopewa na kila abiria bila kuuliza kilizaliwa wapi. Nimejifunza kwamba kabla hujaweka sheria ya chakula, tafuta kwanza nani amekipika na kwa ajili ya nani.

Nyumbani Zuhura alifungua ndoo, akachota dagaa kiganjani, akawanusa, akavunja mmoja.

"Wamekauka vizuri," akasema. "Lakini hawa hakuanika mama. Nani kawaanika?"

"Mimi."

Akampigia mama yake kuhakikisha. Simu iliita mara moja tu, ikapokewa.