Milibari Mia Tisa Tisini na Mbili

Phelesia Akeyo hajawahi kupanda ndege, lakini kuna moja anayoijua kuliko marubani wengi. Ni ndege ya abiria ya miaka ya hamsini, yenye rafadha nne, aina ambayo babake aliihudumia akiwa fundi Nairobi. Mzee alipofariki, alimwachia mwongozo wake, kurasa mia nne zenye madoa ya grisi. Phelesia, mama wa binti mmoja, Lynnet, hutengeneza kompyuta katika kibanda nyuma ya soko la Homa Bay. Akaamua kuijenga upya ndege ile, si kwa chuma, bali ndani ya kompyuta, ili wanaocheza michezo ya urubani waweze kuirusha.

Ilimchukua miaka mitatu. Kilichomtoa jasho zaidi ni altimeta, ile saa inayomwonyesha rubani yuko futi ngapi juu. Altimeta hupima mgandamizo wa hewa, na hewa haitulii. Kwa hiyo rubani akikaribia kutua huambiwa kwa redio mgandamizo wa pale chini, naye huuweka kwenye kidirisha kidogo cha saa hiyo. Akikosea, saa inamdanganya. Tena dunia haijakubaliana juu ya kipimo: Wamarekani husoma inchi za zebaki, wengine wengi husoma milibari. Ndege zile zilitoka kiwandani zikiwa na saa za aina zote mbili, na Phelesia akajenga zote mbili. Ukibonyeza skrubu iliyo pembeni mwa kioo, inchi zinageuka milibari.

Aliyekuwa akiijaribu ndege hiyo ni Obare, rafiki yake wa Migori. Obare alipenda kuruka kwenye jua, kutua vizuri na kupiga picha. Mambo ya skrubu hakuyauliza.

Kisha mama yake Phelesia akafa. Phelesia alikaa nyumbani wiki tatu kwa matanga. Aliporudi kibandani na kufungua mtandao, aliiona ndege yake imeshatolewa kwa umma, na maelfu ya watu wameichukua. Chini yake palikuwa na jina moja: Obare. Mtu mmoja alikuwa ameuliza kama alisaidiwa na yeyote. Obare alijibu, "Kuna mama fulani alinisaidia kupaka rangi."

Phelesia aliyasoma maneno hayo mara nyingi hata akayajua kwa moyo. Kupaka rangi! Alimpigia Obare simu, haikushikwa. Aliwaandikia wenye tovuti, akawatumia michoro yake, wakamtaka alete na shahidi. Hakulia tena, machozi aliyamaliza kwa mama yake. Alichobaki nacho ni hasira, na hasira hiyo aliitunza.

Miezi minne baadaye alipigiwa simu na Mwalimu Elkanah, anayefundisha fizikia Migori na kuongoza chama cha wapenda urubani.

"Madam, tuna maonyesho Jumamosi. Obare atarusha ile ndege yake mbele ya wazazi na wageni. Tunakosa mtu wa kukaa mnara, wa kumwongoza kwa redio. Nimesikia wewe unaweza."

"Naweza, Mwalimu. Hali ya hewa nani anachagua?"

"Chagua wewe. Iwe ngumu kidogo, watu wafurahi."

Jumamosi hiyo ukumbi ulijaa. Obare alikuwa amevaa shati jeupe lenye mistari ya dhahabu mabegani. Alipomwona Phelesia mezani na maikrofoni, tabasamu lake lilififia kidogo.

"Mama Lynnet. Kumbe ni wewe."

"Ni mimi. Keti, watu wanangoja."

Phelesia alikuwa amechagua kisiwa cha kaskazini ya mbali, uwanja ulio kwenye usawa wa bahari, ukungu mpaka chini, na hewa ya dhoruba. Obare akairusha ndege kutoka uwanja wa jirani, akapanda, akaanza kuwaeleza wageni jinsi alivyohangaika kuijenga. Alipoanza kushuka, Phelesia akashika maikrofoni.

"Mgandamizo ni milibari tisa tisa mbili."

Aliitamka wazi, mara moja. Obare akatazama kidirisha cha altimeta. Kilikuwa cha inchi, na kwenye inchi mgandamizo wa kawaida ni 29.92, namba ambayo kila mchezaji ameikariri. Akaona inaishia na tisa tisa mbili. Akaiweka, akaridhika.

"Nimepokea, tisa tisa mbili."

Hakutaja kipimo. Kazi ya mnara ni kurekebisha hapo hapo, na Phelesia aliijua sheria hiyo. Neno moja lingetosha. Aliweka maikrofoni mezani, akakunja mikono.

Milibari 992 ni inchi 29.29, si 29.92. Obare alikuwa chini ya alivyodhani kwa karibu futi mia sita. Kwenye ukungu hakuona kitu.

"Futi elfu moja," alitangaza kwa wageni. "Mia nane. Mia saba, bado tuko salama kabisa..."

Skrini kubwa ikatikisika, ikawa nyeusi. Ndege ilikuwa imegonga maji, uwanja ungali mbele. Mtu nyuma akacheka, na wengine wakafuata.

"Kompyuta ina shida," Obare alisema, masikio yakiwaka.

"Ni sawa," alisema Phelesia. "Kwa nini hukugeuza altimeta isome milibari?"

"Hii ndege haina milibari."

Phelesia akaenda kwenye kompyuta ya Obare, akaanzisha ndege upya, akabonyeza skrubu. Inchi zikageuka milibari mbele ya watu wote. Mwalimu Elkanah akamtazama Obare.

"Wewe ndiye uliyeijenga?"

Obare alivua vipokea sauti, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Wiki iliyofuata Mwalimu aliwaandikia wenye tovuti yale aliyoyaona. Phelesia akatuma tena michoro yake ya miaka mitatu, na jina la Obare likafutwa.

Kisha Obare akaja Homa Bay, akasimama mlangoni pa kibanda. "Mama Lynnet, nilikosea. Ulikuwa msibani, nami nikatumia nafasi. Nisamehe."

"Nimekusikia," Phelesia alisema, akarudi kuchomelea waya aliokuwa ameushika. Obare alisimama pale mpaka mteja mmoja akamwomba asogee apite.