Mama Chaki na Makoti ya Wauguzi

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu, alikuwa mkata vitambaa katika kiwanda kidogo cha kushona sare, na mimi nilikuwa mpiga pasi hapo hapo. Miaka kumi na tisa alisimama kwenye meza moja, mpaka saruji ya pale aliposimama ikalika. Tulimwita Mama Chaki, maana vidole vyake vilikuwa vyeupe hata siku za mapumziko. Mcheshi hakuwa. Ukimsalimia asubuhi, jibu ulilipata ukishachomeka pasi na kutundika kofia. Lakini jora likipita mikononi mwake, halikupotea hata upana wa kiganja.

Alikuwa na utaratibu wake. Kitambaa cha pamba hakikuguswa na mkasi mpaka akiloweke, akianike kivulini, kisha anipe mimi nikinyooshe. "Acha kisinyae kikiwa bado chetu," alikuwa akisema, "kisije kikasinyaa mgongoni mwa mtu." Siku mbili zilikwenda hapo, na hakuna aliyelalamika mpaka alipokuja Kipaza.

Kipaza aliletwa na bosi atutafutie wateja. Simu mbili, viatu vya kung'aa, na kila chumba akiingia kama anayekwenda kuzima moto. Kukaa hakujui. Anaegemea meza, anakushika bega, anakuita jina zuri kuliko ulilopewa na mama yako, na kabla hujajua umekubali nini, keshaondoka na "ndiyo" yako mfukoni. Nimezunguka kidogo katika maisha yangu, nimefanya kazi stesheni, kwenye ghala la mbao, hata kiwanda cha sabuni, na mtu huyu nimemkuta kila mahali, kabadili shati tu. Ana haraka, lakini kazi yenyewe haimo mikononi mwake. Haraka ni yake, jasho ni la mwingine. Simchukii. Nani anamchukia nzi? Unapunga mkono, basi.

Mama Chaki alimpatia dawa mapema. Akisikia viatu mlangoni, alitia pini mdomoni, tano, sita, akainamia kitambaa. Mtu mwenye pini mdomoni huwezi kumdai jibu. Kipaza atasema weee, mwisho apate "mmh," na "mmh" si ndiyo wala si hapana. Nilimuuliza siku moja kwa nini asimkatalie tu.

"Shemeji, yule ukimpa hapana anaanza upya. Ukimpa kimya anachoka."

Basi ikaja kazi ya makoti ya wauguzi, mia mbili na arobaini, ya hospitali kubwa. Bosi alitukusanya akasema hatujawahi kupata mteja kama huyo, kisha akamgeukia Mama Chaki. "Hii ikiharibika, kwenye ile meza atasimama mwingine." Alisema hivyo mbele ya watu wote. Na Mama Chaki nje ya meza ile hakuwa na ufundi mwingine, tena umri wa kuanza upya ulikuwa umeshampita.

Kipaza alikuwa amewaahidi hospitali siku sita. Hakumuuliza mtu. Mama Chaki alipotoa mapipa ya kulowekea, jamaa akaruka.

"Mama yangu mzazi! Zama hizi mtu bado analoweka kitambaa kama maharage?"

Watu wakacheka. Mimi pia.

"Kitambaa hiki kimeshasinyazwa na mashine huko kinakotoka. Nimeongea na mwenye duka mwenyewe! Mkono kama huu, jamani, utazameni, mkono huu unapotezewa muda na maji ya pipa? Au nasema uongo, Mzee Pasi?"

Nikatikisa kichwa kumkubalia. Kitambaa kile nilikuwa nimekishika, nikajua ni kibichi, hakijasinyazwa, na bado nikatikisa kichwa. Ndivyo wanavyokufanya hawa.

Kisha akachukua karatasi ya kupimia koti, akajifunga kiunoni, akapita katikati ya cherehani akitembea kama metroni anayekagua vitanda. Mama Chaki akashindwa kujizuia. Akatema pini kiganjani ili acheke.

"Wewe kijana una vituko."

"Kwa hiyo tunakata, mama?"

"Haya."

Lile "haya" lilikuwa bado hewani na jamaa alishapiga simu hospitali. Makoti yakakatwa makavu, yakashonwa, yakapelekwa siku ya sita, na Kipaza akapigiwa makofi.

Wiki tatu baadaye metroni mwenyewe, mkuu wa wauguzi wa hospitali ile, akaingia na furushi. Makoti yalikuwa yamefuliwa kwa maji ya moto mara mbili. Bosi akatuita wote. Kipaza hakungoja kuulizwa. Akaanza na sabuni ya hospitali, akapita kwa dobi, akazunguka kwenye joto la maji, sauti imejaa huruma, mpaka akatua alipotaka kutua.

"Ila tuwe wakweli, jamani. Mkasi aliushika nani?"

Macho yote yakamwendea Mama Chaki. Na kusema kweli, hata mimi kwa dakika moja niliona ni kosa lake peke yake. Mimi niliyekuwepo!

Metroni alimtazama Kipaza kuanzia viatu hadi nywele. "Wewe na muuguzi wangu mmoja mko sawa kimo. Hebu vaa."

Akavaa, huku anaongea. Mikono ya koti ikaishia karibu na viwiko. Vifungo havikukutana.

"Sasa inua mikono, kama unamnyanyua mgonjwa."

Akainua. Kwapani kukasema *krrr*. Cherehani zote zilikuwa zimezimwa, kwa hiyo tulisikia vizuri.

Mama Chaki akasogea mbele. "Nilikata mimi. Nilijua kinatakiwa kulowekwa, na sikuloweka. Nikipata kitambaa kingine, nataka siku kumi na mbili."

"Kumi na mbili?" Kipaza akadakia, koti bado limembana. "Metroni, mimi nakuhakikishia sita!"

"Wewe vua koti la watu," metroni akasema. Kisha akamgeukia bosi. "Huyu mama ndiye wa kwanza leo kuniambia kitu ninachokiona kwa macho yangu. Akikata yeye, nangoja. Akikata mwingine, natafuta fundi kwingine."

Bosi akanuna, akanunua kitambaa. Meza ikabaki ya Mama Chaki. Alikata hadi siku za mapumziko, nami nikapiga pasi bila kudai ziada, maana kichwa changu kile nilichokitikisa nilikuwa nakikumbuka.

Mnadhani Kipaza alifukuzwa? Watu hawa hawafukuzwi. Kesho yake alikuwa anasimulia kwamba kulivaa koti lilikuwa wazo lake, ili kutuliza mteja, na wale wale waliosikia kwapa likipasuka wakacheka naye, wakampigapiga mgongoni.

Siku ya kumi na mbili metroni alikuja na muuguzi mmoja, akamvisha koti lililokwisha kufuliwa, akamwambia inama, inua, geuka. Akamwambia Mama Chaki, "Yametosha."

Mimi nilibeba furushi la mwisho kupeleka garini. Getini nikamkuta Kipaza ameshika bega la mteja mpya, anamwonyesha makoti yakipita.

"Haya unayoyaona, kaka, ni kazi ya siku sita."

Nikampita na furushi langu.