Diski Niliyoitoa Sumaku

Natamani ningekataa siku jirani yangu Bi Zena aliponiomba nimbadilishie diski ya king'amuzi chake, kile kinachorekodi vipindi. Diski ilikuwa imeanza kukwaruza, naye alihofia rekodi moja: marehemu mumewe akisoma maulidi kwenye televisheni. Hakuwa na nyingine yenye sauti yake.

"Rekodi zitabaki, Mzee Sudi?"

"Zimo kwenye kadi," nilimjibu bila kusita. Mtaani kwetu king'amuzi kikigoma, mtu huchomoa kadi, akaifuta kwa kanga, akairudisha. Basi nikaamini kadi ndiyo roho ya kila kitu. Nikaweka diski mpya. Ile ya zamani niliivunja kwa nyundo nikatoa sumaku, mke wangu apate ya kuokotea sindano zake za cherehani.

Siku ya hitima ya mumewe, baada ya dua, Bi Zena aliwasha televisheni mbele ya ndugu, wengine waliotoka mbali kama Fukayosi. Orodha ya rekodi ilikuwa tupu. Niliifuta kadi kwa kanzu yangu mara tatu.

"Mzee Sudi," akauliza shemeji yake, "diski ya zamani iko wapi? Rekodi hukaa humo."

Mke wangu akanijibia: "Mimi naokotea sindano."

Bi Zena akanimiminia kahawa kwa mkono wake. "Kunywa, jirani. Ulitaka kunisaidia."

Namshukuru Mungu kwa jirani wa namna hiyo. Hata salamu hajaninyima. Lakini kwa kukubali kazi nisiyoijua, nilimpotezea mjane sauti pekee ya mumewe iliyokuwa imebaki.